Muhindo Gani?

Bwera, 6 Machi 2024

Mutoto wangu Hardy,

Miye mama yako mukubwa nakusalimia mingi, kuliko bido zote, zile madumu za mawese, zenye ziko mu soko ya Mpondwe. Siye huku tuko muzima. Goti yangu ya kushoto inalia wakati mvua inakuja, njo kusema inalia kila siku. Mbuzi imezaa mapacha, moja mweupe, moja na uso ya padri mwenye hasira. Kaka yako Kathembo anatuma salamu toka Butembo. Baba yako Maate alipita hapa, akala ugali na sombe ya majani ya muhogo, akakusifu paka nikachoka: mwanangu iko nasoma habari, mwanangu iko nasoma habari. Nikamwambia, Shemeji, niko na masikio.

Utauliza juu ya nini naandika na simu iko. Kwa simu unanijibu na sauti ya redio. Nasema "Hardy, umekula?" na wewe unajibu sawa mutu mwenye anatangaza matokeo ya uchaguzi. Ku karatasi labda utakuwa mutoto wangu tena. Tabisa wa samaki anafika Kasese kila juma, atakuletea hii.

Habari yenyewe njo hii. Jana asubuhi nililala tena kisha kusali, usingizi ile mudogo yenye haifike mbali, redio inasema pembeni ya kitanda. Ukungu ilishuka ku milima paka mu dirisha. Ndani ya ile usingizi nikasikia sauti yako inasema jina ya dada yako. Muhindo. Nikafurahi! Nikawaza, kumbe bako pamoja, banaongea, nikaanza kubatafutia viti. Kiisha ukasema Kisalala. Ukasema silaha. Ukasema aliuawa. Wakati nilifungua macho ulikuwa umefika ku bei ya kahawa.

Hardy, ni Muhindo gani? Ba-Muhindo beko mingi, najua. Ukiita jina ile mu soko, nusu ya batu banageuka. Lakini Muhindo wangu iko Kisalala, ng'ambo ya mupaka, na bwana yake, na simu yake haiingie. Ulizia, mwanangu. Ulizia vizuri, usisikie haya kuuliza mara mbili.

Mama yako mukubwa,
Geneviève


Kasese, 14 Machi 2024

Mama Mkubwa mpendwa,

Nimepokea barua yako ikinuka samaki, nikaifurahia hivyo hivyo. Mimi ni mzima. Kasese kuna joto. Mchana mji wote husinzia, na milima huonekana kama imechorwa kwa penseli halafu mtu akaifuta nusu. Baba anakwambia asante kwa sombe. Amenisimulia mara tatu.

Mama, tulia. Nimeuliza. Aliyeuawa Kisalala ni mwanamume aliyekuwa na silaha ya jadi. Taarifa ya jioni ilisema hivyo wazi, na ya Kiingereza pia. Kwa hiyo si Muhindo wetu. Simu za upande ule hukatika kila mvua ikinyesha, unajua. Muhindo atapiga akilalamika kwamba umemsahau, nawe utamgombeza, na mambo yatarudi kama kawaida.

Nina ombi dogo. Usiwaambie watu wa sokoni kwamba msomaji wa redio ana ndugu ng'ambo. Mhariri wetu, Semakula, ana sharti: anayesoma habari za vita asiwe na mtu wake ndani ya vita hivyo. Aliponipa kiti hiki aliniuliza, nikamjibu kwamba watu wangu ni wa Rukoki. Si uongo, Baba ni wa Rukoki. Upande wa marehemu Mama sikuutaja tu.

Hapa kila siku tunatukanwa. Mmoja anapiga simu kusema tumenunuliwa na jeshi, mwingine anapiga kusema tunawalilia waasi. Semakula anafurahi. Anasema ukitukanwa na pande zote mbili, basi umesimama katikati, na katikati ndiko mahali pa redio.

Pole na goti. Nakutumia dawa ya kuchua kwa mkono wa Tabisa.

Mwanao,
Hardy


Bwera, 2 Aprili 2024

Mutoto wangu Hardy,

Salamu. Mbuzi na watoto yake beko salama. Dawa ya goti ilifika, inachoma, merci. Mvua ilikata barabara na Tabisa akachelewa, njo maana barua yako ilinikuta nimekwisha kujua.

Sosthène, bwana ya Muhindo, amefika. Alitembea paka ku mupaka na Sylvie mugongoni, ule mutoto mwenye tulimupa jina ya mama yako. Aliingia mu nyumba, akaacha kiti, akaketi chini, na miye nikaelewa mbele afungue kinywa. Ni Muhindo wetu, Hardy. Ni ule mwenye alikubeba wewe mugongoni wakati mama yako alikufa, naye mwenyewe alikuwa mutoto, miguu yako inakokota chini.

Bwana yake anasema asubuhi ile ukungu ilikuwa nzito, mutu haone mukono yake. Muhindo alitangulia kwenda kukata muhogo, yeye alibaki kumuvalisha mutoto. Akasikia risasi mu ile weupe, sauti ndogo, mbali. Kiisha kimya. Alimukuta njiani, kitunga pembeni, panga pembeni. Nani alipiga? Jeshi? Batu ba pori? Hajui. Hakuna mutu mwenye aliona. Balimuzika palepale ku shamba, mbio mbio, bila padri, juu ya woga.

Sasa wewe msomi, nijibu. Wavulana bakitangulia na binti akafuata, tunamwita Muhindo. Mabinti bakitangulia na mvulana akafuata, tunamwita Muhindo vilevile. Amegeuza mambo, basi. Hii unaijua, ulikua nayo. Nani alikwambia mwanaume? Na silaha ya jadi ni kitu gani? Jadi ya nani? Ni panga, Hardy! Panga ya muhogo! Niliinunua miye mwenyewe hapa Mpondwe nikamutumia, na akalalamika mpini ni kubwa.

Niliweka mikeka kwa kilio. Hakuna mutu alikuja. Bamama ba jumuiya bananisalimia toka barabarani, banakohoa kidogo, banaendelea. Si wabaya. Banaogopa. Redio ilisema Muhindo wa Kisalala alikuwa mutu wa silaha, na nani anataka kuonekana analilia mutu wa silaha, hapa ku mupaka, penye kila mutu anamuangalia mwenzake? Kavira, jirani yangu, alinipitishia unga ku dirisha ya nyuma. Unga ya kilio ku dirisha, sawa tumeiba!

Wakati nalala mchana, Muhindo anakuja. Anasimama ku mulango na kitunga yake, haingie. Namwambia, ingia mama. Anaangalia mikeka, anasema, nitarudi wakati wageni bamefika.

Nataka kitu moja tu. Sema ku redio alikuwa mama, na alikuwa anaenda shamba. Batu bakuje kuketi na miye. Siwezi kumaliza kilio ya mutoto wangu peke yangu.

Geneviève


Kasese, 30 Aprili 2024

Mama Mkubwa wangu,

Nakusalimia kwa machozi. Barua yako nimekaa nayo muda mrefu. Kila nikishika kalamu mkono unaandika "taarifa zinasema," nakata, naanza upya, unaandika tena. Baba alikuja kutoka Rukoki. Akanishika bega, akaondoka na kofia yake mkononi.

Kazini sijamwambia mtu. Siku niliyopata barua yako niliingia chooni nikafungulia bomba ili maji yapige kelele. Halafu nikatoka nikasoma hali ya hewa. Studio yetu haina dirisha, Mama. Ukiwa mle ndani hujui kama nje ni asubuhi au jioni, kama mvua inanyesha au watu wanakufa. Kuna taa nyekundu tu, na sauti yako mwenyewe inayokurudia masikioni kama ya mtu mwingine.

Umeuliza nani aliniambia mwanamume. Blasio, mwandishi wetu wa upande ule, alipiga simu, laini inakatika: "Muhindo amekufa Kisalala, alikuwa na panga." Ndiyo yote niliyosikia. Kiswahili hakikulazimishi kusema ni mke au mume. Amekufa ni amekufa. Lakini mwenzangu wa meza ya Kiingereza ilibidi achague, akaniuliza: mwanamume? Nikalitazama lile neno panga, nikaitikia kwa kichwa. Basi. Ndivyo dada alivyogeuzwa. Na panga, katika habari za vita, sisi huliandika silaha ya jadi. Tumezoea, hata hatulioni tena. Mkono ni wangu, Mama. Sitamsingizia mtu.

Nilimwendea Semakula nikamwambia tumekosea, yule alikuwa mama wa mtoto. Hakuniuliza nimejuaje. Akasema, "Sahihisho la mstari mmoja nani atalisikia? Kuna shirika linataka vipindi kuhusu akina mama wa vitani. Mpe nusu saa."

Nusu saa, Mama! Nimemwandikia kipindi kizima. Nimeweka ukungu, nimeweka ndege wa asubuhi, nimeweka hatua zake kwenye majani mabichi. Nilipokuwa nakisoma kwa majaribio, fundi wetu wa mitambo alivua vifaa vyake masikioni akajifuta macho. Kitatoka Jumapili hii baada ya misa. Sasa watakuja, utaona. Watajaa mpaka barabarani.

Sikusema ni dada yangu. Nisingeruhusiwa kukisoma.

Mwanao,
Hardy


Bwera, 27 Mei 2024

Hardy,

Salamu.

Habari ya nyumbani: ule mbuzi mwenye uso ya padri amekufa. Gari ilimugonga. Alisimama katikati ya barabara, katikati kabisa. Mwambie Semakula wako.

Kipindi yako nilisikiliza. Kavira alikuja tusikilize pamoja, na alipita mulango ya mbele, nikawaza, haya, Mungu amenikumbuka. Mwanzo ilikuwa muzuri. Ile ukungu yako, zile ndege, nilifunga macho nikatembea kabisa mu ile njia, nikasikia baridi ku miguu. Nilikuwa nyuma yake kidogo tu. Kiisha ukasema: "Akasimama mbele ya mitutu ya bunduki, akainua panga lake, akasema, hii ni ardhi yetu." Kavira akaniangalia. Miye nikamuangalia. Akachukua kitenge yake akaenda, na mulango ya nyuma.

Nani alisimama? Nani alisema ardhi? Wewe ulikuwako? Muhindo aliogopa jogoo ya Kavira! Alizunguka nyumba yote juu ya kuikimbia, ulimucheka wewe mwenyewe. Kama aliona bunduki, alikimbia. Kama hakukimbia, ni juu hakuiona. Njo Muhindo. Njo ule nilizaa.

Ulisema batu batakuja. Balikuja, ndiyo. Vijana toka mbali, na mashati yenye sura ya mwanamke mwenye hatumujui, juu siye hatuna picha na bao balijitafutia moja. Balitaka Sylvie ainue ngumi juu, bapige picha. Mutoto akalia. Moja akaniuliza tunamulaumu nani. Nikamujibu, hatujui, ukungu ilikuwa nzito. Akanifundisha vile ningesema. Alikuwa na adabu sana, alinifundisha pole pole.

Kiisha balikuja banaume wawili bila mashati ya sura. Bao balitaka kujua Sosthène anasema ni nani mwenye alipiga. Alisema hajui, na ni kweli, lakini redio ilikuwa imesema mitutu, na mutu mwenye aliona mitutu aliona na uso. Sasa haendi sokoni, hakohoi karibu na dirisha. Bamama ba jumuiya njo bameogopa zaidi. Mikeka ni tupu vilevile.

Hardy, kwanza ulimuvua rinda ukamupa silaha. Nikakulilia. Ukamupa bendera. Lakini hakuna siku ulimupa mama, ulimupa bwana, ulimupa kaka. Mu habari zenu mutu iko nakufa bila ndugu. Kwa bale ba upande huu ni muuaji, kwa bale ba upande ule ni shujaa, na wote wawili hakuna mutu alibazaa.

Sikiliza matangazo ya vifo yenye redio yenu inasoma mbele ya habari. "Fulani wa Rukoki, fulani wa Bugoye, mnatangaziwa." Pale mutu anakufa na batu yake bote. Na hakuna mutu anaogopa kwenda, juu anamujua shemeji, anamujua mujomba, aliuziwa kahawa na babu. Nataka ile. Usome wewe, usiongeze ndege.

Weka bwana yake Sosthène. Mutoto yake Sylvie. Kaka yake Kathembo wa Butembo. Baba yako Maate wa Rukoki. Miye. Iko kaka mwingine, mwenye alikula naye ku sahani moja. Ule utamuweka wewe ama utamuacha, sikulazimishe. Lakini tangazo yenye inapunguza ndugu ni uongo pia, na miye nimechoka uongo, hata ile yenye inataka kunipendeza.

Geneviève


Katwe, 17 Juni 2024

Mama Mkubwa,

Nakuandikia kutoka Katwe, nimeketi juu ya gunia, mpaka miguu imekufa ganzi. Nilitumwa kuuliza bei ya chumvi. Samahani kwa kimya. Barua yako niliisoma mara moja tu. Mara ya pili sikuiweza.

Hapa ziwa liko kimya, weupe mtupu. Watu wamesimama ndani ya maji mpaka kiunoni wanavuta chumvi, na mbingu yote iko chini yao, mawingu yanapita miguuni mwao. Nilikuwa natembea kwenye kingo za vishamba vyao vya chumvi nikiwa nusu nimelala, maana jua la hapa linalewesha. Ndipo nikasikia sauti inaniita kutoka majini: "Akasimama mbele ya mitutu ya bunduki." Nilishtuka, nikadhani ni wazimu umenianza. Kumbe kulikuwa na redio imefungwa kwenye mti, na kipindi changu kinarudiwa. Shirika limekipenda, wanakirudia mara kwa mara.

Mama mmoja ndani ya maji alitikisa kichwa, akasema, "Huyo alikuwa mwanamke kweli!" Mwenzake akasema, "Achana nao, hao wa redio wana upande wao." Nikawauliza kama wanamfahamu huyo Muhindo. Wakacheka. "Tunamfahamia wapi? Tunamsikia tu."

Nilitaka kuwaambia. Nilitaka kusema alikuwa na mwanya, na akicheka alificha mdomo kwa mkono wenye unga. Nilitaka kusema aliniimbia nyimbo za uongo, anabuni maneno anapoyasahau. Badala yake nikatoa daftari langu. Nikauliza bei ya chumvi.

Sikufichi, Mama. Nakipenda kile kiti. Nilikitamani tangu shuleni. Nikiingia sokoni nikanunua nyanya, muuzaji hugeuka kwa sababu ya sauti, ananiongezea moja. Utanicheka, lakini nakipenda. Na Semakula si mtu mbaya. Anasema msomaji mwenye maiti wake ndani ya habari ataipima kila habari kwa maiti yule. Sidhani anakosea. Mimi wangu nilimficha, na bado nilipima, tena kwa mizani mbovu mara mbili.

Tangazo litasomwa Jumatano asubuhi, kabla ya taarifa ya habari. Nimelipeleka mwenyewe kwenye dirisha la kulipia matangazo, kama mteja mwingine. Sosthène yumo, Sylvie yumo, Kathembo, Baba, wewe. Sijaongeza ndege.

Kuhusu lile jina moja, leo sijui. Natamani ningekuandikia neno lingine, lakini ndilo nililonalo. Washa redio.

Hardy


Bwera, 1 Julai 2024

Mutoto wangu Hardy, sauti ya nyumba yangu,

Nakusalimia na mikono miwili. Goti imenyamaza, labda imechoka kusema. Sylvie ameanza kumufuata mbuzi mweupe fasi yote na amemupa jina ya mwalimu yake. Sosthène jana alienda sokoni kuuza mawese, akarudi na bido tupu na habari za soko mingi, sawa zamani.

Jumatano ile tuliamka mbele ya jogoo. Tuliweka redio katikati ya meza. Ukungu ilikuwa imeshuka tena, hatukuona hata nyumba ya Kavira. Ukaanza: "Maate wa Rukoki, Kathembo wa Butembo, na wote wanaohusika, mnatangaziwa kifo cha Muhindo, binti wa Geneviève wa soko la Mpondwe, mke wa Sosthène, mama wa Sylvie. Alifariki Kisalala akienda kukata muhogo. Kilio kiko Bwera, nyumbani kwa mama yake." Kiisha ukanyamaza. Redio ikafanya ile kelele ya mvua. Sosthène akanyoosha mukono kuipiga, alifikiri betri imekwisha. Nikamushika mukono. Niliomba, Hardy, na sijui niliomba nini.

Kiisha ukasema: "Na miye, Hardy, mwenye kuwasomea habari. Ni dada yangu."

Nililia kwa sauti kubwa, ya kwanza tangu Aprili. Mbele nilikuwa nalia sawa mutu mwenye anaficha.

Kavira aliingia wa kwanza, na sufuria ku kichwa. Kiisha bamama ba jumuiya, bote pamoja, banaimba toka barabarani. Moja alisema, kumbe ni dada ya Hardy, mutoto ya marehemu Sylvie, ule mwenye alivuka na mama yake siku ya soko, si ningekuja zamani! Batu ba kahawa balikuja, Tabisa alileta samaki akakataa asante. Mikeka haikutosha, tukaazima ku kanisa. Padri alisoma misa na jina yake yote. Na wewe uliingia jioni, uso imevimba, ukaketi na wanaume. Siku ya pili ukarudi kwa kazi. Hii nitakuambia sasa ilifanyika kisha wewe kwenda.

Lakini kwanza ile ya kazi. Baba yako ananiambia Semakula alikupa mukono, akakupa pole ya kweli, kiisha akakutoa ku habari za vita. Sasa unasoma matangazo na bei ya kahawa. Sitakwambia si kitu. Ni kitu. Uliipenda ile kiti, na miye njo niliyekuomba. Naibeba hii.

Haya. Mchana ya siku ya pili, wakati bamama banaosha sahani, akaingia mama moja hakuna mutu alimujua. Anaitwa Ednah, wa Bugoye. Alisimama pembeni, kitambaa ku kinywa, na uso yake ilikuwa inafanya mambo mawili. Nikamuendea. Akaanza kuomba musamaha mbele nijue kosa.

Iko na kijana. Anaitwa Muhindo. Alivuka ng'ambo mwaka uliopita kupasua mbao, simu ikanyamaza, batu bakaanza kusema ameingia kwa bale ba pori. Mwezi wa tatu Ednah alikuwa anachambua maharage, akasikia sauti yako: Muhindo, Kisalala, mwanaume, silaha. Alimulia palepale bila kutoa sauti. Hakuambia mutu, juu ya haya. Alifunga nguo zake mu gunia. Hakuweka mukeka, hakuita padri. Alimuzika mu roho yake, peke yake, na akaendelea kuchambua maharage. Na Jumatano akasikia ule Muhindo ni binti, na ni wangu.

Kwa hiyo wake labda iko muzima. Labda. Hakuna mutu anajua. Alinishika mikono, akasema: "Mama, nimekuja kulilia binti yako, lakini moyo unanicheka ndani, siwezi kuuzuia. Nifukuze."

Hardy, nakwambia kweli, nilitaka kumufukuza. Niliwaza, sauti ya mutoto wangu imerudisha kijana ya huyu, na wangu iko mu udongo ya Kisalala. Kinywa yangu ilikuwa imefunguka kabisa. Lakini Sylvie akapita katikati yetu na kikombe ya chai, anaishika na mikono miwili, akamupa. Ule mutoto anafikiri kila mama mwenye analia ni wa kwetu.

Ednah akachukua kikombe. Akaniuliza kama anaweza kuketi, maana wake hajafa.

Nikasogea ku mukeka, nikamwambia keti. Akaketi. Tukalia paka jua ikazama, miye juu ya wangu, yeye juu ya wake.

Mama yako,
Geneviève